Koilova, springi fupi au mifuko ya hewa: tulinganishe ulaini na kimo cha gari la spoti kwa barabara za Tanga

Mdau wa Raskazone (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam kwenu. Swali hili linarudi kila mara kwa sura tofauti: mtu ana Altezza, Impreza, Mark X au Toyota 86, anataka gari lishuke lipendeze, lakini hataki limvunje mgongo kila anapotoka Kange kuelekea Segera. Majibu anayopewa huwa ni majina ya kampuni tu. Huyu anamwambia anunue Tein, yule BC Racing, wa tatu anamwambia kama mfuko unaruhusu achukue Öhlins amalize kazi. Jina la kampuni lina uzito wake na nitalifikia, lakini kwa maoni yangu kuna jambo linalotangulia: gari likishashuka, shokapu imebakiwa na nafasi kiasi gani ya kuingia kabla haijagota?

Gari likiwa limesimama, uzito wake umekwisha kuibana springi kwa kiasi fulani. Kutoka hapo, tairi likipanda tuta, fimbo ya shokapu inaingia ndani hadi inapokutana na ile raba ya kuzuia kugota. Tuseme gari lilitoka kiwandani likiwa na milimita 80 za nafasi hiyo, na wewe umelishusha milimita 40 kwa springi fupi huku shokapu zikibaki zilezile. Umebakiwa na nusu. Nishati inayomezwa na springi hukua kwa mraba wa umbali inaobanwa, kwa hiyo ili pigo lilelile limezwe ndani ya nusu ya nafasi, kwa hesabu ya springi peke yake, ungehitaji springi ngumu mara nne. Springi fupi za madukani hazikaribii huko. Huwa zimezidi za kiwandani kwa sehemu ndogo tu. Kazi iliyobaki inafanywa na raba, na raba ikishajibana hadi mwisho inafanywa na chesisi pamoja na kiuno cha dereva. Mara nyingi ule ugumu unaolaumiwa kwenye springi ni raba inayogongwa, na ndiyo maana gari lenye koilova ngumu (shokapu na springi zilizounganishwa, ambazo kimo chake hurekebishwa) lililopangwa vizuri linaweza kuvuka matuta ya Nguvumali kwa utulivu kuliko gari lenye springi laini zilizofupishwa kupita kiasi.

Kwa kipimo hicho ndipo ninapoanza kulinganisha. Springi za kukatwa kwa grinda nazitoa kabisa kwenye mjadala, kwa sababu gari likinyanyuliwa kwa jeki springi ya namna hiyo hucheza ndani ya kikalio chake, na siku tairi likidondokea shimo inaweza kurudi ikiwa imekaa upande. Springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama za Eibach au H&R, ni habari nyingine. Kwa mtu anayeshusha kidogo, milimita 20 hadi 30, zinakaa vizuri mradi zipewe shokapu inayolingana nazo. Bilstein wanalitenganisha jambo hili waziwazi: B6 ni ya kimo cha kiwandani, B8 imefupishwa kwa ajili ya springi fupi. KYB nao wana New SR Special, zile za bluu tunazozikuta kwenye magari yanayotoka Japani. Mtu akiweka springi mpya fupi juu ya shokapu za kiwandani zilizokwisha kuchoka, halafu akalalamika kwamba chapa fulani ni ngumu, mimi humuuliza kwanza habari za shokapu.

Koilova ziko za namna mbili, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Za kwanza hurekebishwa kimo kwa pete inayoshika springi tu. Ukiteremsha pete, gari linashuka na fimbo ya shokapu inaingia ndani zaidi. Umekula nafasi ileile niliyoieleza. Tein Street Basis ni ya kundi hili, na Bilstein B14 na KW pia hurekebishwa kwa pete, ingawa watengenezaji hao wa Ujerumani huandika kwenye karatasi zao mpaka ambao pete haitakiwi kuuvuka, na mpaka huo una sababu. Za pili zina pete ya springi na pia kikombe cha chini chenye hesi, hivyo mwili mzima wa shokapu unapanda au kushuka ndani ya kikombe. Tein Flex Z na BC Racing BR ni za namna hiyo. Hapo unaweza kushusha gari bila kuigusa nafasi ya shokapu, na kikomo kinahamia kwingine: tairi kugusa madigadi kwa ndani, mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu) kugusa chesisi, au sampo (bakuli la mafuta chini ya injini) kulamba tuta.

Kitu cha kuzungusha kilichoko juu ya shokapu, cha kurekebisha ukinzani wake, kinapewa sifa nyingi kuliko kinavyostahili. Flex Z ina hatua 16, BC BR ina hatua 30, na watu huzihesabu kana kwamba ni daraja za ulaini. Katika koilova nyingi za bei ya kati hatua hizo hubadilisha zaidi mwendo wa fimbo ikiwa inakwenda polepole, yaani gari linapoinama kwenye kona au linapolala mbele wakati wa breki. Pigo kali la ukingo wa shimo huisukuma fimbo kwa kasi kubwa, na hapo anayeamua ni vali za ndani zilivyopangwa kiwandani. Fedha ya ziada ya Öhlins Road & Track inakwenda huko, kwa kuwa vali yao waliyoiita DFV hufunguka haraka kwa pigo la ghafla na kuruhusu mafuta kupita pande zote mbili. KW Variant 3 nayo inakuruhusu kurekebisha kuingia na kutoka kwa fimbo kila kimoja peke yake, wakati Variant 2 inarekebisha kutoka tu na Variant 1 haina marekebisho hayo kabisa.

Hili la fimbo kutoka linatuhusu sana sisi kwa sababu ya zile rasta, yaani matuta madogo ya mfululizo, zilizotandikwa kila penye kijiji kwenye barabara kuu. Ukibana hatua hadi mwisho ukidhani gari litatulia, fimbo inachelewa kutoka baada ya tuta la kwanza. Tuta la pili linaikuta bado imo ndani, la tatu inaingia zaidi, na kufikia la tano gari limejikalisha lenyewe juu ya raba. Mwenye gari anasema springi ni ngumu. Ukimlegezea hatua kadhaa, gari lilelile linazipita rasta zilezile bila makelele. Ukilegeza kupita kiasi nako, gari linaelea na kuruka-ruka kwa mwendo wa kasi pale Muheza barabara inapofunguka, jambo ambalo ni la hatari zaidi kuliko ugumu.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yamekwisha kushushwa huko, na huko ukaguzi wa gari unataka chini ya gari kubaki angalau sentimita 9 kutoka ardhini. Aliyelipanga gari kwa kipimo hicho alikuwa akilipeleka kwenye lami ya Yokohama. Kulipokea lilivyo na kuanza kuendesha nalo Tanga bila kulipanga upya ni kujitafutia gharama ya sampo na ekzosi. Karibuni tuchangie.

Mwenye Impreza:

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye nyama. Nina swali linalonisumbua. Impreza yangu ya GDB ilikuja na koilova, na kwenye springi za mbele nimeikuta namba 6, ambayo naelewa ni kilo 6 kwa kila milimita moja ya kubanwa. Jirani yangu ana Altezza ya SXE10 yenye springi za 8 mbele, tairi zetu zinakaribiana ukubwa, lakini gari lake ni laini kuliko langu, na si kwa kudhania tu. Mke wangu akipanda lile anasinzia, akipanda langu anashika mlango. Inawezekanaje springi ya 8 iwe laini kuliko ya 6?

Mdau wa Raskazone:

Inawezekana, na hakuna uchawi ndani yake. Namba iliyoandikwa kwenye springi ni ugumu wa springi ikiwa mezani. Tairi linaona kitu kingine. Impreza GDB ina shokapu za kusimama, mbele na nyuma, ambazo zimefungwa moja kwa moja kwenye kishikio cha gurudumu lenyewe, kwa hiyo tairi likipanda milimita 10, springi nayo inabanwa karibu milimita hizohizo 10. Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na shokapu imeshikwa katikati ya mkono wa chini. Tairi likipanda milimita 10, springi inaweza kubanwa 6 au 7 tu.

Uwiano huo wa mwendo wa springi kwa mwendo wa tairi unazidishwa kwa wenyewe. Tuseme kwa Altezza ni 0.65, ukizidisha 0.65 kwa 0.65 unapata kama 0.42, na ukizidisha kwa 8 unapata takriban 3.4 kwenye tairi. Kwa Impreza tuseme 0.95, inakuja 0.9, na kwa springi ya 6 unapata 5.4. Kwa macho ya tairi springi yako ni ngumu kuliko ya jirani kwa zaidi ya nusu. Ukichukua kilo 360 zinazobebwa na kona moja ya mbele ya Impreza na kilo 320 za Altezza, mwili wa gari lako unapenda kutikisika karibu mara 1.9 kwa sekunde na wake mara 1.6. Magari ya kawaida ya familia hukaa kati ya 1 na 1.5, ya spoti ya barabarani kati ya 1.5 na 2, na kupita hapo unaingia kwenye mambo ya mashindano. Kwa hiyo shemeji yuko sahihi kabisa kushika mlango.

Ndiyo sababu mimi huona kulinganisha koilova za gari moja na za gari jingine kwa namba ya springi ni kazi bure. Linganisha Altezza na Altezza. Hata ndani ya gari moja angalia mbele na nyuma kila upande peke yake, kwa maana Toyota 86 ina shokapu za kusimama mbele na mikono miwili nyuma, na namba za springi zake haziwezi kusomwa kwa jicho moja.

Fundi wa Makorora:

Wakuu, nami nichangie kutoka gereji. Mengi yaliyosemwa nayakubali, ila naomba kupingana na mwanzisha uzi sehemu moja ambayo naona ameipita juujuu. Mteja akija nikamkazia pete ya springi juu, akaenda kuendesha, anarudi na kuniambia gari limekuwa gumu. Vijana wa kwenye mtandao wanasema kukaza springi hakubadilishi ugumu. Mimi namwamini mteja aliyekalia kiti.

La pili ni chumvi. Ninyi mnaokaa Raskazone na kandokando ya bandari mnajua bati linavyoliwa. Hesi za koilova nazo zinaliwa. Pete nyingi ni za alumini na mwili wa shokapu ni wa chuma, na vikikutana na hewa ya bahari vinashikana. Naletewa koilova ambazo pete zake zina makovu ya patasi pande zote, kwa sababu gereji ya awali iliona spana yake haipo ikaamua kugonga kwa nyundo. Meno ya pete yakishakwisha, hata mimi mwenye spana siwezi kushika. Ushauri wangu: kila gari linapooshwa chini, piga hesi brashi ya nywele ngumu, kausha, paka grisi nyembamba au mafuta ya kuzuia kutu, kisha zungusha pete kidogo na uirudishe palepale ulipoweka alama. KW wanatengeneza mwili wa koilova zao kwa chuma kisichoshika kutu, na kwa mtu wa pwani naona hiyo ni sababu ya kununua kuliko idadi ya hatua.

La tatu, mkinunua koilova za mtumba, angalieni kama zinaweza kufunguliwa. BC, Öhlins na Bilstein zinafunguliwa, zikabadilishwa sili na mafuta na mtu mwenye vifaa. Flex Z mwili wake umefungwa moja kwa moja. Ikivuja unanunua mpya ya upande huo. Mimi binafsi silioni hilo kuwa kasoro kubwa, maana moja mpya mara nyingi ni nafuu kuliko kufungua nne na kuzisafirisha, ila mnunuzi ajue anachokinunua.

Mdau wa Raskazone:

Fundi, nakuheshimu na sitambishia mteja wako kuhusu alichokihisi. Ninachosema ni kwamba ugumu wa springi ya kawaida haubadiliki kwa kukazwa: ya 6 itabaki ya 6. Kinachobadilika ni kimo, na kwa kubadilika kimo inabadilika nafasi. Ukiikaza sana, fimbo inakaa karibu na mwisho wa kutoka, na tairi likiingia shimoni halina pa kushukia. Fimbo inagota kwa juu na gari zima linavutwa shimoni. Huo mshtuko unafanana kabisa na ugumu, na kwa mteja asiyeona chini ya gari hauna jina jingine. Ukiikaza kidogo kwa mtu aliyekuwa akigonga raba kila siku, atarudi kukuambia gari limekuwa laini. Nadhani umeshawahi kumpata wa namna hiyo pia.

Fundi wa Makorora:

Nimewapata, wala sikatai. Basi tuandike hivi: kukaza hakubadilishi springi, kunabadilisha mahali ambapo mteja anagota.

Binti wa Muheza:

Habari zenu kaka zangu. Naona mnazungumzia kushusha tu, na mimi ninatafuta kinyume chake. Nina Mark X ya GRX120, napanda nayo mara kwa mara njia ya Amani, na ile njia mnaijua, haina huruma na gari la chini. Fundi mmoja amependekeza kuniwekea spesa ili gari lipande inchi moja. Je, litakuwa gumu? Na je, lina madhara mengine?

Fundi wa Makorora:

Dada, spesa ziko za namna mbili na usikubali mtu akuwekee kabla hajakuambia ni ipi. Inayokaa juu ya mauntingi, kati ya shokapu na bodi, haiigusi springi wala nafasi ya fimbo. Ulaini unabaki ulivyokuwa. Inayokaa kati ya springi na kikalio chake inaikaza springi, na inakula nafasi ya tairi kushuka, ile aliyotoka kuielezea mwanzisha uzi. Kwa njia ya mashimo kama ya Amani hiyo ya pili ndiyo itakayokufanya ulalamike.

Zingatia pia kwamba hiyo inchi moja haitokani na spesa ya inchi moja. Mark X ina mikono miwili mbele, kwa hiyo spesa ya milimita 15 juu ya shokapu inaweza kukupandishia gari zaidi ya milimita 20. Anayekufungia ajue hilo, la sivyo gari litasimama kama mbuzi aliyeona nyoka, na boljointi zitafanya kazi kwenye pembe ambazo hazikutengenezewa. Ukishapandisha, alaimenti ni lazima.

Mdau wa Raskazone:

Niongeze kidogo kwa dada yetu. Kabla ya spesa, tazama tairi. Tairi la 225/40 la rimu 18 lina ukuta wa milimita 90. La 215/45 la rimu 17 lina karibu 97. La 205/55 la rimu 16 lina karibu 113. Hewa iliyomo kwenye ukuta huo ndiyo springi ya kwanza kukutana na jiwe. Mtu akishuka kutoka 17 kwenda 16, ikiwa breki zinaingia ndani ya rimu, anapata milimita 16 za ukuta, ilhali kimo cha gari kinapanda kama milimita 3 tu kwa sababu rimu imepungua. Kwa kokoto na kingo kali nafuu yake naiona kubwa kuliko ya koilova nyingi. Kwa kimo, sawa, rudi kwenye spesa ya juu ya mauntingi.

Mzee wa Bandarini:

Vijana, mmesema yote isipokuwa mifuko ya hewa, na kichwa cha uzi kimeitaja. Kijana wangu ameng'ang'ania kuweka kwenye BMW yake. Anasema kwa kitufe gari linapanda kuvuka tuta na kushuka likiegeshwa. Nipeni ukweli.

Mdau wa Raskazone:

Shikamoo mzee. Ukweli ni kwamba kwa upande wa kimo hakuna kinachoshindana na hewa, kwa sababu gari linaweza kuwa na vimo viwili au vitatu kwa siku moja. Kwa upande wa ulaini inategemea linaendeshwa katika kimo gani. Mfuko wa hewa una kimo ulichopangiwa, na hapo unakuwa laini na wenye nafasi pande zote mbili. Kijana akiendesha likiwa limelala kwa sababu linapendeza, mfuko umejikunja, nafasi imekwisha, na yuko palepale pa springi zilizokatwa, tofauti ni kwamba ametumia fedha nyingi zaidi kufika.

La pili, hewa ya Tanga ina maji. Pampu inavuta unyevu huo na kuubana ndani ya tangi, na maji yanajikusanya chini. Tangi linatakiwa liwe na kizibo cha kumwagia maji na lifunguliwe mara kwa mara, la sivyo vali zinakwama zikiwa wazi na asubuhi unakuta gari limelala upande mmoja. Waya na mipira ipitishwe mbali na ekzosi. Kama kijana atayafanya hayo, mwache aweke. Kama ni mtu wa kusahau hata kupima hewa ya tairi, mpe koilova.

Mwenye Impreza:

Nimerudi na vipimo, wakuu. Mwanzisha uzi alinielekeza faragha nifunge kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, niisukume chini hadi iguse mwili wa shokapu, kisha niendeshe njia yangu ya kawaida. Mwili ukipanda unaisukuma kamba, na kamba inabaki pale fimbo ilipoingia zaidi. Nimekwenda Pongwe na kurudi. Nyuma, kamba imebaki milimita kama 15 kabla ya kuifikia raba. Mbele nimeikuta imejichimbia ndani ya raba pande zote mbili, na raba ya kushoto imeanza kupasuka. Kimo cha mbele, kutoka katikati ya kizibo cha rimu hadi ukingo wa madigadi, ni milimita 340 kushoto na 338 kulia. Koilova ni za kikombe cha chini chenye hesi. Nilijaribu kuupandisha mwili wa gari milimita 10 kwa kikombe cha chini, gari limepanda kweli, lakini bado mbele inagonga kama mwanzo. Hapo ndipo nimekwama.

Mdau wa Raskazone:

Hujakwama, umethibitisha. Kikombe cha chini kinabadilisha kimo tu. Fimbo ilikuwa imekaa wapi ndani ya shokapu, imebaki palepale, na raba iko umbali uleule. Kinachosogeza fimbo ni pete ya springi. Kona yako ya mbele ikibeba kilo 360, springi ya 6 inakaa imebanwa milimita 60, na kama haikukazwa hata kidogo basi fimbo imeingia milimita hizohizo 60. Ikaze pete milimita 10: fimbo inatoka milimita 10, umebakiwa na 50 za tairi kushuka, ambazo zinatosha, na upande wa raba umepata 10 ulizokuwa huna. Gari litakuwa limepanda tena. Kirudishe kikombe cha chini milimita 20, yaani 10 ulizopandisha na 10 za pete, kama unataka kimo cha 340 kirudi. Raba iliyopasuka ibadilishe wala usiikate kuifupisha, maana vijana wengine hupenda kuikata ili wapate nafasi, na wanapata nafasi ya shokapu kupasuka vali.

Kama baada ya hapo kamba bado inaingia kwenye raba, basi springi ya 6 haitoshi kwa kimo hicho na una njia mbili: kwenda springi ya 7, au kukubali kimo cha juu zaidi na kupunguza mwendo. Kwa Impreza mimi ningependelea kimo. Gari lenye shokapu za kusimama likishushwa sana, mikono ya chini inapinda kuelekea juu na gari linazidi kulala kwenye kona hata kama liko chini zaidi, na tairodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu) nazo zikiwa kwenye pembe hiyo usukani unajigeuza wenyewe kila tairi linapopanda tuta. Panda Lushoto kutoka Mombo na gari la namna hiyo utaligundua kabla ya kona ya tatu.

Fundi wa Makorora:

Na ukishamaliza kupanga kimo, usikaze nati za bushi (raba za maungio ya mikono) gari likiwa juu ya jeki. Bushi za mikono ya chini zimeshikana na chuma pande zote mbili. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka zinakaa zimejisokota muda wote, zinaongeza ugumu ambao hakuna koilova itakayouondoa, na zinachanika mapema. Legeza nati, teremsha gari likae kwenye magurudumu yake, likalie na dereva wake kama yupo, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Kisha endesha siku chache springi zikae, pima kimo tena pande zote nne juu ya sakafu iliyonyooka, halafu ndipo uende alaimenti. Mwambie anayepima aangalie kwanza tairi kama zinaelekea ndani au nje, maana hiyo inamaliza tairi haraka kuliko kulala kwake. Ukija Makorora njoo na hiyo raba mpya mkononi, na spana ya pete kama ilikuja na koilova.